Kibanio Chenye Mkia Ni Wigi?

Najua nimepotea. Kazi za chumba cha habari mnazijua wenyewe, na msimu wa bajeti ndio balaa kabisa: unakesha na hotuba ya waziri, unawinda maneno mawili tu, "kupanda" na "kushuka", asubuhi gazeti linatoka na orodha yake ya soda, bia na sigara, na picha ya waziri kashika mkoba. Kazi imeisha. Msomaji anajiona ameelimika, na sisi tunakwenda kulala.

Leo sitaki orodha. Leo nataka tuongelee kibanio cha nywele. Ndiyo, hicho hicho kilichopo kichwani kwa dada yako sasa hivi.

Nilipompelekea mhariri wangu wazo hili alinitazama juu ya miwani akasema, "Kijana, nani atasoma habari ya vibanio?" Nikamuuliza mke wake anabania nywele na nini, na amekinunua kwa bei gani. (Sikumuuliza. Nilitamani tu. Kodi ya nyumba inalipwa na mshahara wake huo huo.) Basi nimekuja kuyamwaga hapa, ambapo hakuna wa kunikata aya.

Kwa wasiojua: kila kitu kinachovuka mpaka lazima kipewe namba. Mfumo wa namba hizo, maarufu kama HS, unatunzwa na Shirika la Forodha la Dunia kule Brussels. Mkataba wake ni wa mwaka 1983, ukaanza kutumika Januari 1, 1988, na leo unatumika katika nchi na maeneo zaidi ya 200. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaongeza mbili zetu, zinakuwa nane, na pembeni ya kila namba imekaa asilimia ya ushuru. Kitabu kina sura 97, na Sura ya 77 ni tupu kabisa, imewekwa akiba. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktaba.

Sasa chukua mkoba wa msusi yeyote pale Kinondoni, umwage mezani. Kitana cha plastiki: fungu la 96.15. Chanuo la mbao: fungu hilo hilo, ila tarakimu za mbele zinabadilika kwa sababu siyo plastiki. Chupio na rola: 96.15. Brashi ya nywele, ambayo imelala ubavuni mwa kitana miaka yote, haimo humo. Yenyewe ni 96.03, pamoja na mifagio na miswaki. Draya ni 85.16, imekaa na pasi na majiko ya umeme. Wavu wa nywele umepelekwa 65.05, kwa ndugu zake kofia. Wigi ni 67.04. Rasta nazo zina ubishi wake, maana 67.03 ni nywele na nyuzi zilizoandaliwa kutengenezea wigi, na 67.04 ni kitu kilichokwisha kamilika, sasa wewe amua kifurushi cha rasta kimekamilika au kinasubiri vidole vya msusi.

Na kile kibanio chenye mawe ya kung'aa cha kuendea harusini? Utadhani ni urembo wa bandia, 71.17. Siyo. Maelezo ya Sura ya 71 yanatamka kabisa kwamba vitana, vibanio na chupio za 96.15 havihesabiwi kuwa urembo wa bandia. Yaani kuna watu walikaa kikao cha kimataifa wakafikiria kibanio cha harusini. Mhariri wangu asikie hilo.

Tuje nyumbani sasa.

Mwaka 2019 nilikuwa mwanafunzi pale Mlimani, mwaka wa pili. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilipia ada baada ya mzee kustaafu, ana kibaraza Kariakoo cha vikorokoro vya nywele. Siyo duka, ni kibaraza, nusu ya fremu ambayo nusu nyingine inauza vifuniko vya simu. Mzigo wake unatoka China kwa kuchangia kontena. Hana kontena lake. Anatuma pesa, kuna kijana kule anakusanya katoni za watu mbalimbali, zinapangwa pamoja, zinakuja, na wakala huku anautoa mzigo bandarini na kumtajia kila mmoja chake.

Safari hiyo alikuwa ameagiza mchanganyiko: vibanio vya kawaida, mipira ya nywele, na katoni za kitu kipya ambacho wasichana wa vyuo walikuwa wanakiulizia sana. Kibanio cha plastiki, kikubwa, chenye meno, na juu yake umeshonwa mkia wa nywele bandia. Unakusanya nywele zako fupi, unabana, tayari una mkia hadi mgongoni. Dakika moja, bila msusi. Dada alikuwa amepiga hesabu zake zote kwa bei ya vibanio, kama alivyofanya siku zote.

Wakala akapiga simu. "Dada'angu, mzigo wako umepanda. Wamesema ni nywele."

"Nywele gani? Mimi nimeagiza vibanio."

"Wameandika wigi, dada'angu. Mimi nifanyeje?"

Nilikwenda naye kwa huyo wakala. Shikamoo nyingi, viti vya plastiki, feni inayolia. Tukaomba kuona karatasi. Akasema karatasi ni ya kontena zima, siyo yetu. Tukaomba basi aliyeamua ni nani na ameandika sababu gani. Akacheka, siyo kwa dharau, alicheka kama mtu mzima anavyomcheka mtoto aliyeuliza mvua inakaa wapi. "Mdogo wangu, hapa hakuna sababu. Hapa kuna namba." Dada akanigusa goti ninyamaze. Akalipa. Sehemu ya hela hizo ilikuwa imewekwa kwa ajili yangu, muhula ule nikala ugali wa mkopo kwa mama ntilie wa nyuma ya hosteli hadi Desemba.

Kwa nini ilikuwa 2019 na siyo mwaka mwingine? Hapa ndipo hotuba ya bajeti inapoingia. Juni 13, 2019, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, alisimama bungeni Dodoma na kupendekeza ushuru wa bidhaa kwenye nywele bandia: asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini, asilimia 25 kwa zinazotoka nje. Hotuba hiyo hiyo ndiyo iliyorudisha VAT kwenye taulo za kike, baada ya kuondolewa mwaka mmoja tu nyuma yake. Magazeti yalifanya utani siku mbili. Wanaume walicheka vijiweni kwamba sasa wataoa wanawake wenye nywele zao. Kisha habari ikafa, kwa sababu sisi tuliishia kwenye asilimia.

Piga nami hesabu ya mwaka ule. Mzigo wa thamani ya shilingi milioni moja ukifika bandarini. Ukiwa kibanio, fungu la 96.15, unalipa ushuru wa forodha asilimia 25, jumla inakuwa 1,250,000. Juu yake VAT asilimia 18, inafika 1,475,000. Tuache tozo ndogondogo za reli na nyinginezo. Sasa mzigo ule ule, katoni ile ile, ukiitwa nywele bandia, 67.04: ushuru wa forodha 250,000, halafu ule ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 unapigwa juu ya jumla hiyo, ni 312,500 nyingine, halafu VAT inapigwa juu ya yote. Unatoka na 1,843,750. Tofauti ni 368,750. Hakuna mbunge aliyepigia kura tofauti hiyo kwa kibanio chenye mkia. Ilitokana na neno moja lililoandikwa kwenye kisanduku.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo. Tunabishana kila Juni kuhusu asilimia kana kwamba kodi inatungwa Dodoma pekee. Nusu yake inatungwa mezani, na mtu anayeamua kitu kinaitwaje, na yule anayelipa haoni jina wala sababu.

Sasa nije kwenye sehemu isiyonifurahisha. Baada ya kumaliza chuo nikaanza kazi, nikajisomea zile kanuni sita za kutafsiri mfumo wa HS. Kwa kitu chenye sehemu mbili za mafungu mawili, Kanuni ya 3 inasema tazama ni sehemu gani inayokipa kitu hicho tabia yake ya msingi. Wadau, nikajiuliza kwa haki: msichana anayenunua kile kibanio ananunua meno ya plastiki, au ananunua mkia? Ananunua mkia. Plastiki angeipata kwa mia mbili. Kwa hiyo inawezekana kabisa, nasema inawezekana, kwamba aliyeandika wigi alikuwa sahihi. Na fungu la 67.04 halisemi wigi peke yake, linataja pia vishungi na vitu vya namna hiyo.

Lakini kanuni hiyo hiyo ina ngazi nyingine. Kama huwezi kusema ni sehemu gani yenye tabia ya msingi, unachukua fungu linalokuja mwisho kwa mpangilio wa namba. Kati ya 67.04 na 96.15, la mwisho ni 96.15. Kibanio! Kwa hiyo palikuwa na hoja ya dada yangu, hoja halali, ya kitabuni, siyo ya kulialia. Pengine angeshindwa. Lakini hakushindwa kwa hoja, alishindwa kwa simu.

Najua kuna wadau wa uchumi watanijia juu. Watasema huu ni ubishi wa vijisenti, na serikali inahitaji mapato, na viwanda vya ndani vya nywele vinahitaji kulindwa. Sawa. Lindeni. Sijasema dada yangu asilipe kodi, na naomba nisiwekewe maneno mdomoni. Nasema mlinzi wa kiwanda awe sheria iliyoandikwa, siyo tafsiri iliyofichwa ndani ya karatasi ya kontena la watu thelathini. Mwenye kontena lake mwenyewe ana mwanasheria na mhasibu, na akiona namba hajaipenda anaandika barua siku hiyo hiyo. Mwenye katoni nne hana hata nakala ya karatasi. Walalahoi wa Kariakoo wanalipa tafsiri ambayo vigogo wanaipinga na kushinda.

Na wala haya mambo siyo ya mwaka 2019 tu. Tangu Julai 1, 2022 Jumuiya ina kapu la nne la ushuru, asilimia 35, juu ya yale matatu ya zamani ya 0, 10 na 25. Miongoni mwa vilivyotangazwa kuingia humo ni mavazi na kofia. Rudi sasa kwenye ule mkoba wa msusi. Mpira wa nywele uliovalishwa kitambaa cha velveti, ule wa kuvaa mkononi kama bangili, ni nini? Kifaa cha mavazi, au ndugu wa kibanio? Wamarekani kwenye kitabu chao wamemaliza ubishi kwa kuandika mstari maalumu wa mikanda ya kichwani na vifungio vya nywele chini ya vifaa vya mavazi. Na ule wavu wa kulalia niliowaambia uko kwa kofia? Vitu vya mia tano hivi, ndiyo, lakini dada yangu anavinunua kwa gurosi. Asilimia kumi kwenye gurosi ndiyo faida yenyewe.

Kuna kesi moja ya zamani huwa naipenda. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya Marekani iliulizwa kama nyanya ni tunda au mboga, kwa sababu mboga zilitozwa ushuru na matunda hayakutozwa. Wataalamu wa mimea wanasema nyanya ni tunda. Mahakama ikasema kwa ajili ya ushuru ni mboga, maana watu wanaila na chakula kikuu, siyo baada ya chakula. Kesi hiyo inaitwa Nix v. Hedden. Mfanyabiashara alishindwa. Mimi kijana wa Dar naweza kuisoma leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, pamoja na sababu zake, bure. Hata siku hizi barua za forodha ya Marekani za kuamua bidhaa fulani ina namba gani ziko mtandaoni, unatafuta kwa jina la kitu. Ulaya nao wana hifadhi yao. Unasoma kibanio cha mtu mwingine kiliamuliwaje kabla hujaagiza cha kwako.

Na sisi? Msidhani sheria yetu ni mbovu. Hapo ndipo ninapochoka zaidi, kwa sababu sheria ni nzuri! Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 ina kifungu cha 248A, kinachokuruhusu kumwomba Kamishna uamuzi wa awali kuhusu namba ya bidhaa kabla hujaleta mzigo. Kifungu cha 229 kinasema ukiathirika na uamuzi wa forodha una siku 30 za kuomba upitiwe upya. Na Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Asipojibu ndani ya siku hizo inahesabiwa kwamba amekubali ombi lako. Soma tena hapo. Akikaa kimya, umeshinda. Ukishindwa una siku 45 kwenda baraza la rufaa za kodi.

Dada yangu ameuza vibanio miaka kumi na moja hajawahi kusikia habari ya kifungu cha 229. Nilimsomea kwa sauti pale kibarazani akaniambia, "Acha utani, mdogo wangu, ningekuwa na haki hiyo si wangeniambia?" Jirani yake wa vifuniko vya simu naye akasogea, akataka nimsomee tena. Kisha akauliza imeandikwa kwa Kiswahili? Nikanyamaza. Mwaka 2021 Bunge letu lilipitisha sheria kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, tukashangilia, mimi mwenyewe niliiandika habari hiyo kwa furaha, nikiwa bado mwanafunzi wa mazoezi. Lakini kitabu cha ushuru cha Jumuiya, ambacho kinapanga bei ya kila kitu Kariakoo kuanzia kijiko hadi kitanda, nilicho nacho mezani ni cha Kiingereza, kurasa mia kadhaa, na neno kibanio halimo.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, Waziri Mkuu Majaliwa akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Juni 2024 wakafunga tena. Mara zote mbili tuliandika "mgomo", tukapiga picha za mageti yaliyoteremshwa, tukahesabu siku. Niliwauliza watu watatu waliokuwa wamekaa nje ya maduka yao mwaka 2023 mizigo yao ilipewa namba gani ya HS safari ya mwisho. Hakuna aliyejua. Mmoja alidhani namuuliza namba ya kontena. Na mimi sikuiandika habari hiyo, kwa sababu niliona haina mvuto. Kwa hiyo kabla ya kunyooshea kidole mtu yeyote mwenye muhuri, nimejinyooshea mwenyewe.

Ninachokidai ni kidogo mno. Kila uamuzi wa namba uandikwe na sababu yake, hata mistari miwili. Maamuzi ya awali yabandikwe mahali pa wazi, kwa Kiswahili, majina ya wafanyabiashara yafutwe kama ni siri, lakini bidhaa na sababu zibaki. Na anayechangia kontena apewe karatasi inayoonyesha katoni zake zimeitwaje. Hayo hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Dada ameagiza tena vile vibanio vyenye mkia, maana wasichana hawajaacha kuviulizia. Safari hii tumetangulia. Jumapili tulikaa sebuleni tukaandika barua ya kifungu cha 248A, yeye akitamka, mimi nikiandika, TIN yake, maelezo ya bidhaa, uzito wa plastiki na uzito wa nywele (tulikikata kimoja kwa kisu cha jikoni tukavipima kwa jirani yetu muuza viungo, mkia ndio mzito). Alitaka tusiandike hilo la mkia kuwa mzito. Tumeliandika. Jumatatu anaipeleka, na ndani ya bahasha kuna kibanio kimoja cha rangi ya kahawia kama sampuli. Jibu likija, liwe wigi au liwe kibanio, nitalibandika hapa hapa neno kwa neno. Lisipokuja, nitabandika tarehe ya barua na muhuri wa kupokelewa.